Neno la Mtoto na Orodha ya Mwalimu: Uhakiki wa Maandishi ya Walimu Watatu wa Kiingereza

1. Utangulizi

Wahenga wamesema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Katika kazi ya ualimu methali hiyo ina waamini wengi. Mwalimu kijana anayetoka chuoni huambiwa akae nyuma ya darasa, amtazame mwalimu mkongwe, kisha afanye kama alivyoona. Ushauri huo ni mzuri, lakini unaacha swali moja bila jibu: mwalimu mkongwe akiisha kutazamwa, ni kipi hasa cha kuchukuliwa kwake? Je, ni njia yake? Ni maelezo anayoyatoa juu ya njia hiyo? Au ni kitu kingine ambacho pengine yeye mwenyewe hakukipa jina?

Swali hilo linawahusu kwa namna ya pekee wale wanaofundisha Kiingereza kwa watoto ambao nyumbani wana lugha nyingine. Katika karne ya 20 kazi hiyo ilizaa mafundisho mengi, na karibu kila fundisho lilidai kufuta lile lililotangulia. Makala haya yanachunguza maandishi ya watu watatu waliofanya kazi hiyo katika nchi mbalimbali, wakaandika waliyoyaona: Michael West huko Bengali, Sylvia Ashton-Warner huko Nyuzilandi, na N. S. Prabhu huko India ya kusini. Uzito umewekwa kwa Ashton-Warner, kwa sababu kitabu chake Teacher (1963) kina mvuto mkubwa kuliko vile vingine, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi zaidi kukisoma vibaya.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uzoefu wa mwalimu ni ushahidi, si sheria. Ushahidi wa Ashton-Warner una thamani kubwa pale anapowasikiliza watoto. Unapungua nguvu pale anapogeuza aliyoyasikia kuwa nadharia ya mwanadamu mzima. Tena una mpaka ambao mwandishi mwenyewe hakuutazama kwa muda wa kutosha: usikivu wake ulikoma kwenye mlango wa lugha ya mama.

2. West na orodha ya mwalimu

Kabla ya kumfikia Ashton-Warner, inafaa kumtazama mtu aliyejibu swali lile lile kwa njia iliyo kinyume kabisa. Michael West alikuwa mtumishi wa idara ya elimu ya Waingereza huko India, akawa mkuu wa chuo cha ualimu cha Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladeshi. Mwaka 1926 alichapisha Bilingualism, kitabu juu ya watu wenye lugha mbili, hasa Wabengali.

Alichokiona West kilionekana na kila mwalimu wa Bengali, lakini ni wachache waliokishughulikia. Wanafunzi walisoma Kiingereza kwa miaka mingi, na bado hawakuweza kusoma kitabu chepesi kwa raha yao wenyewe. West hakuwalaumu wanafunzi. Alivitazama vitabu vyao, akakuta kwamba kila ukurasa ulimwaga maneno mapya bila hesabu, na mengi ya maneno hayo yalikuwa ya kifasihi, ya nadra, yasiyorudi tena kurasa zilizofuata. Mwanafunzi alijifunza neno leo ili alisahau kesho. Dawa yake ilikuwa kupunguza maneno mapya, kuyarudia mara nyingi kabla ya kuleta mengine, na kuweka neno la kawaida mahali pa lile la pambo. Kazi hiyo ilimpeleka mbali. Kamusi aliyoitoa mwaka 1935 ilieleza maana za maneno yote kwa kutumia maneno 1,490 tu, na orodha yake ya mwaka 1953, yenye karibu maneno 2,000 yanayotumika sana, iliongoza waandishi wa vitabu vya shule kwa muda mrefu.

Lakini jambo lililo zito zaidi katika kitabu cha 1926 si hesabu ya maneno. Ni swali la haki. West alijua kwamba wanafunzi wengi huacha shule kabla ya kumaliza. Akauliza: yule anayeondoka leo, anaondoka na nini mkononi? Somo linaloahidi matunda katika mwaka wa nane na kutotoa chochote katika mwaka wa tatu linawanyang'anya wale wote ambao umaskini, msiba au ndoa itawatoa shuleni mapema. Ndiyo maana alitanguliza kusoma mbele ya kusema. Kwa maoni yake, mtu anayejua kusoma kidogo anaweza kuendelea mwenyewe, lakini mtu aliyefundishwa sentensi chache za mazungumzo, tena mahali asipopata wa kuzungumza naye, hubaki bila kitu.

Wahakiki wamesema, nao wana haki, kwamba njia hiyo humfunga mwanafunzi kinywa. Kuna lawama nyingine iliyo kubwa zaidi: orodha ya West inaweza kukamilika bila mtoto hata mmoja kuulizwa neno. Maneno yake yalipimwa kwa wingi wa kutokea katika maandishi ya Kiingereza. Mtoto wa Dhaka aliyapokea kama mtu apokeavyo chakula cha hospitali: kimepimwa vizuri, kina faida, na hakuna aliyemwuliza ana hamu ya nini.

3. Ashton-Warner na neno la mtoto

Ashton-Warner (1908–1984) aliwauliza watoto. Alifundisha kwa miaka mingi, pamoja na mume wake, katika shule za vijijini zenye watoto wa Kimaori kwenye Kisiwa cha Kaskazini cha Nyuzilandi. Sehemu kubwa ya Teacher inatokana na darasa la watoto wadogo la Fernhill, karibu na mji wa Hastings, katika miaka ya 1950. Wengi wa watoto wake walikuwa na umri wa miaka mitano hivi. Kimaori, Kiingereza cha namna yao, au mchanganyiko wa hivyo viwili ndivyo vilivyowalea. Shuleni walikuta Kiingereza cha vitabu. Vitabu vyenyewe vilikuwa mfululizo wa Janet na John, watoto wa Kizungu wenye vitu vyao vya kuchezea na maisha yaliyotulia. Malalamiko ya mwandishi ni kwamba katika maisha hayo hakuna hofu, machozi wala ugomvi, yaani hakuna yale ambayo mtoto wa Fernhill aliamka nayo asubuhi.

Mfano wake maarufu ni wa mtoto aitwaye Rangi. Kwa miezi minne mtoto huyo alihangaika na maneno matatu ya kitabu: njoo, tazama, na. Mwalimu alipoacha kitabu na kumpa maneno ya maisha yake mwenyewe, kama polisi, jela, busu na kisu cha mchinja nyama, Rangi aliyajua kwa dakika chache. Baba, mama, zimwi na busu yalikuwa miongoni mwa maneno yaliyoshikwa na darasa lote bila shida.

Kutokana na hayo mwandishi alijenga utaratibu alioupa jina ambalo kwa Kiswahili linaweza kuitwa msamiati-funguo. Asubuhi kila mtoto alikwenda kwa mwalimu, wakazungumza kidogo, kisha mtoto akataja neno analolitaka. Mwalimu aliliandika kwa herufi kubwa kwenye kadi, mtoto akalifuatisha kwa kidole, akaenda nalo. Kesho yake kadi zote zilimwagwa sakafuni, na kila mtoto akatafuta zake. Watoto walikaa wawili wawili wakisomeana. Neno ambalo mwenyewe hakulitambua liliondolewa. Baada ya maneno yalikuja maandishi: watoto waliandika juu ya nyumbani kwao, na maneno waliyoyahitaji siku hiyo ndiyo yaliyokuwa somo la tahajia. Mwalimu hakusahihisha habari zenyewe. Mtoto akiandika kwamba baba yake alirudi amelewa, habari ilibaki ilivyo.

Inafaa kusimama kidogo kwenye ile kadi inayoondolewa, kwa sababu humo ndimo lilimo fundisho kubwa la kitabu, ingawa wasomaji wengi hulipita. Katika darasa la kawaida, neno lililosahauliwa ni kosa la mtoto. Huandikwa mara kumi, huadhibiwa, au huhesabiwa katika alama. Katika darasa la Fernhill neno lililosahauliwa lilionyesha kwamba halikuwa neno la mtoto huyo: labda alilisema ili kumpendeza mwalimu, labda mwalimu alisikia vibaya, labda mazungumzo yalikuwa mafupi mno. Kadi iliyotupwa haikumhukumu mtoto. Ilimpa mwalimu habari juu ya kazi yake ya jana. Njia hiyo, kwa hiyo, ilikuwa na kipimo ndani yake mwenyewe, tena kipimo kilichokuja kila asubuhi. Mwalimu anayejiwekea hukumu ya namna hiyo ana haki ya kuitwa mzoefu, kwa sababu miaka yake haipiti bure.

4. Uandishi wenyewe

Kwa upande wa fani, Teacher si kitabu cha nadharia wala si masimulizi yaliyonyooka. Ni mchanganyiko wa maelezo ya njia, vipande vya shajara, mazungumzo ya watoto na tafakari. Sauti yake ni ya mtu anayeandika usiku akiwa amechoka na bado anawaka. Sauti hiyo ndiyo inayomshika msomaji. Ndiyo pia inayompotosha, kwa kuwa humfanya mwandishi aonekane peke yake dhidi ya idara nzima na wakaguzi wake, na msomaji kijana hutamani kusimama pamoja naye bila kuuliza maswali.

Kwa sababu hiyo kitabu hiki kinafaa kusomwa sambamba na riwaya yake Spinster, iliyotoka mwaka 1958, miaka mitano kabla yake. Riwaya hiyo inaeleza darasa linalofanana sana na lile la Fernhill kupitia mwalimu Anna Vorontosov, mwanamke asiyeolewa, anayekunywa pombe kidogo asubuhi ili apate ujasiri wa kuingia darasani, na anayemwogopa mkaguzi kama mtuhumiwa amwogopavyo hakimu. Kelele, mashaka, uchovu na siku zilizoharibika zinajaa ndani yake. Teacher kinasema zaidi juu ya asubuhi zilizofanikiwa. Kile ambacho kitabu cha ualimu kinakifupisha, riwaya imekikubali. Mwanafunzi wa ualimu anayesoma Teacher peke yake anapata njia; anayesoma vyote viwili anapata pia gharama yake.

5. Pale ambapo uzoefu unageuka kuwa nadharia

Ashton-Warner hakuridhika na kusema kwamba watoto hushika haraka neno lenye uzito kwao. Alitaka kueleza kwa nini, na maelezo yake yalipanda juu sana. Maneno yenye nguvu, kwa maoni yake, hutoka katika silika mbili, hofu na mapenzi ya mwili. Nafsi ya mtoto, anasema, ni kama mlima wa moto wenye matundu mawili, moja la kuumba na jingine la kuharibu. Tundu la kuumba likipanuliwa, lile la kuharibu hukauka, na hiyo ndiyo njia ya amani duniani.

Picha hiyo ina nguvu ya kishairi, na mtu aliyeona vita vya dunia anaweza kusamehewa kwa kuitafuta amani hata katika darasa la watoto wa miaka mitano. Lakini kadi za Fernhill hazithibitishi jambo hilo. Zinathibitisha jambo dogo zaidi na lenye manufaa zaidi: kwamba neno lililoandikwa hushikwa upesi likiwa jina la picha ambayo tayari imo kichwani mwa mtoto. Hatari inaongezeka pale nadharia hiyo inapowagusa Wamaori kama watu. Zipo kurasa ambamo ukali au uchangamfu wa watoto unaelezwa kama tabia ya kabila, pale ambapo maelezo ya maisha yao, kama nyumba zilizojaa, umaskini na polisi mlangoni, yangetosha. Mwandishi aliyesikiliza vizuri kiasi hicho alikuwa na mali ya kutosha mkononi kukanusha dhana hiyo, lakini hakuitumia.

6. Mlango wa lugha ya mama

Kasoro kubwa zaidi iko mahali pengine. Miongoni mwa maneno ya Rangi limo neno haka, jina la ngoma ya Wamaori. Neno hilo ni la Kimaori, na mwalimu aliliandika kwenye kadi bila kusita. Lakini haka lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiingereza cha Nyuzilandi. Kila Mzungu wa nchi hiyo alilijua. Mtoto aliulizwa neno lake la moyoni, naye alilitoa kwa lugha ambayo shule ilikuwa tayari kuipokea. Swali ambalo kitabu hakiliulizi kwa uzito unaostahili ni hili: kama neno lenye nguvu kuliko yote liko katika lugha ya nyumbani, kwa nini kadi ya kwanza isiandikwe kwa lugha hiyo?

Ili kumtendea mwandishi haki ni lazima kukumbuka mahali aliposimama. Sheria ya mwaka 1867 juu ya shule za Wamaori ilikiweka Kiingereza kuwa lugha ya mafundisho, na watu wazima wengi wa karne ya 20 walikumbuka kuchapwa kwa kusema Kimaori uwanjani. Shule hizo za pekee ziliondolewa mwaka 1969. Ndani ya mfumo huo, mwalimu aliyewaandikia na kuwachorea watoto vitabu vyake mwenyewe, vyenye maisha ya Kimaori, alikuwa amefanya jambo kubwa. Yeye mwenyewe aliiona kazi hiyo kama daraja kati ya kijiji cha Kimaori na dunia ya Wazungu. Lakini daraja hilo lilikuwa la kupita upande mmoja. Mtoto alivushwa, hakuna aliyetarajiwa kurudi.

Matokeo ya safari hiyo ya upande mmoja yalionekana baadaye. Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa wazi kwamba watoto waliokua wakisema Kimaori walikuwa wachache sana. Jibu la Wamaori lilikuwa kufungua, kuanzia mwaka 1982, vituo vya watoto wadogo viitwavyo kohanga reo, maana yake kiota cha lugha, ambamo wazee waliwalea wajukuu kwa Kimaori tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka 1987 sheria ilikifanya Kimaori kuwa lugha rasmi ya nchi. Hapo methali iliyotajwa mwanzoni inapata maana nyingine. Katika miaka yote ambayo shule ilitafuta njia ya kuwafundisha watoto Kiingereza, walimu wazoefu wa lugha ya watoto hao walikuwa wamekaa nje ya ua wa shule. Bibi na babu walijua ni maneno gani yanayomtuliza mtoto na yanayomtisha. Hawakuhesabiwa kuwa walimu.

7. Njia ile ile, darasa jingine

Swali la kwamba njia inaweza kuhamishwa au la, Ashton-Warner alilijibu bila kukusudia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alialikwa Aspen, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, kufundisha katika shule ya majaribio iliyosifu uhuru wa mtoto. Alikwenda na kadi zake. Masimulizi yake ya mwaka huo yako katika Spearpoint (1972), kitabu kisichosomwa sana kama Teacher, na ni hasara.

Huko aliwakuta watoto waliokuwa na kila kitu. Aliwauliza neno walitakalo, na mara nyingi hawakulitaka lolote, au walitoa neno lisilo na uzito, wakaliacha. Hawakupenda kufanya kazi wala kutii mwito wa kengele. Mwandishi alilaumu televisheni na utajiri, akasema picha za nje zimezima picha za ndani. Huenda kuna ukweli katika hayo. Lakini msomaji anaona jambo jingine. Fernhill ilikuwa shule yenye utaratibu mkali, na uhuru wa kadi ulikuwa hewa safi ndani ya nyumba iliyofungwa. Aspen ilikuwa nyumba isiyo na kuta. Hewa zaidi haikuwa na maana. Njia iliyozaliwa kama jibu la darasa fulani ilipelekwa mahali ambapo swali lilikuwa tofauti. Sifa ya mwandishi ni kwamba aliyaandika hayo bila kuficha, na kwamba alianza upya kujaribu, kama mwalimu kijana, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 60.

8. Prabhu na maana ya uzoefu

Ni Prabhu aliyetoa lugha ya kulizungumzia jambo hili. Kuanzia mwaka 1979 hadi 1984 aliongoza jaribio la kufundisha Kiingereza katika shule kadhaa za India ya kusini, lililojulikana kwa jina la mji wa Bangalore, na akalieleza katika Second Language Pedagogy (1987). Wanafunzi hawakupewa kanuni za sarufi wala mifano ya kurudia. Walipewa matatizo ya kutatua kwa Kiingereza: kusoma ratiba ya treni na kuamua ni ipi ya kupanda, kufuata ramani, kulinganisha bei. Tumaini lilikuwa kwamba akili ikishughulika na maana, sarufi itakua chini kwa chini. Wachunguzi wa nje walioitwa kupima matokeo waliona dalili za kuliunga mkono, lakini wakaonya kwamba ni vigumu kulinganisha madarasa ambayo hayakuwa sawa tangu mwanzo.

Badala ya kuinadi njia yake kwa nchi nyingine, Prabhu aliandika mwaka 1990 makala yenye hoja ya kwamba hakuna njia iliyo bora kuliko zote. Hakukusudia tu kusema kwamba njia hutegemea mahali. Alisema kwamba mwalimu hufundisha vizuri akiwa na imani hai juu ya namna kujifunza kunavyotokea, imani inayojengwa na yale aliyoyapitia mwenyewe, na inayoendelea kubadilika. Adui wa kazi si njia mbaya bali ni mazoea, yaani kufundisha kwa mkono huku moyo haumo.

Hoja hiyo inawapatanisha West na Ashton-Warner bila kumfuta mmoja wao. Lakini nayo inahitaji kukamilishwa. Imani hai inaweza kuwa imani potofu. Mwalimu anayechapa kwa moyo wote naye ana imani hai. Kinachowatenga walimu waliochunguzwa hapa na wengine si kuamini tu, bali kuiweka imani mahali ambapo mtoto anaweza kuikanusha. Kwa West mahali hapo ni yule anayeacha shule mapema: ana nini mkononi? Kwa Ashton-Warner ni kadi ya asubuhi. Kwa Prabhu ni treni ambayo mwanafunzi ama ameichagua sawasawa ama amekosea. Miaka 30 bila mahali pa namna hiyo ni mwaka mmoja uliorudiwa mara 30.

9. Hitimisho

Kwa wasomaji wa Kongo maandishi haya hayawezi kuchukuliwa yalivyo. Kwa wanafunzi wengi wa Lubumbashi, Likasi au Bukavu Kiingereza huja baada ya Kiswahili na Kifaransa, na pengine baada ya lugha nyingine ya ukoo. Darasa ni kubwa, wala haiwezekani mwalimu kuzungumza na kila mmoja kila asubuhi na kumwandikia kadi. Mwanafunzi pia si mtoto wa miaka mitano. Atakayeiga utaratibu wa Fernhill katika darasa la namna hiyo atachoka kabla ya juma kwisha.

Maswali, hata hivyo, yanaweza kuhamishwa. Mwanachuo anayepelekwa kumtazama mwalimu mkongwe wakati wa mazoezi ya ualimu anaweza kwenda na matatu. La kwanza: mwalimu huyu anajuaje kwamba jana alikosea, na leo amebadili nini kwa sababu hiyo? La pili: mwanafunzi akiacha shule mwisho wa mwaka huu, ataondoka na nini kinachomfaa? La tatu: lugha ambazo mwanafunzi alikuja nazo zina kazi gani darasani, au zimeachwa mlangoni?

Swali la tatu si la hisia tu. Mwanafunzi wa Lubumbashi akiulizwa kwa Kiingereza alikula nini jana jioni, jibu la kweli mara nyingi ni bukari. Neno hilo halimo katika orodha ya West, na haliwezi kuwamo. Mwalimu mmoja atasema hilo si Kiingereza, na mwanafunzi atajifunza kujibu kwamba alikula mkate na siagi, yaani atajifunza kusema uongo kwa sarufi iliyo sahihi. Mwalimu mwingine ataliandika bukari ubaoni ndani ya sentensi ya Kiingereza, kisha atawaambia wanafunzi wamweleze mgeni asiyelijua: linapikwaje, kwa unga gani, linaliwa na nini, nani hulisonga. Maelezo hayo yatadai vitenzi, vipimo, mpangilio wa hatua na maneno mengi yaliyomo katika orodha ya maneno 2,000. Kiingereza hakitavunjika kwa kupokea neno moja la mezani. Kilikwisha kulipokea safari kutoka Kiswahili na haka kutoka Kimaori.

Somo la namna hiyo halikuandikwa na yeyote kati ya watatu hao, lakini kila mmoja angetambua sehemu yake ndani yake. Zaidi ya hayo, mwanafunzi atakayetaka kueleza vizuri jinsi bukari linavyosongwa atalazimika kwanza kurudi nyumbani na kumwuliza mama au bibi yake, ambaye ndiye anayejua.